Sauti Iliyonaswa Jadotville

Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey alifika Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akanasa sauti ya Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Ndio wimbo «Masanga», uliosikika mbali. Studio hakuwa nayo. Desturi yake ilikuwa kuiweka mashine ya umeme mbali, kwa waya mrefu, isije ikavuma ndani ya wimbo. Na maikrofoni aliishika mkononi, akiisogeza kwenye sauti aliyoitaka.

Vijana wetu wa Mutoshi watakao studio nyumbani hubishana kwanza juu ya programu. Jambo dogo hilo! Audacity hutolewa bure tangu mwaka 2000, nayo yaitosha kwaya. Fedha ziende kwenye maikrofoni njema, na jenereta ikae mbali na nyumba. Mvumo wake ukiisha kuingia, hakuna programu iutoayo pasipo kuikwaruza sauti yenyewe.