Kompyuta ikisema jengo litahimili moto, tuiamini? UZI

1/ Kila jengo likiungua au likianguka, mjadala wa siasa unafuata njia ileile. Upande mmoja: "Ripoti ya wataalamu imesema." Upande mwingine: "Hiyo ripoti imepikwa." Siku hizi ripoti zenyewe zinategemea uigaji wa kompyuta, na wengi wetu hatujui huo uigaji ulitoka wapi. Wacha tuangalie historia yake, halafu kila mtu ajiamulie.

2/ Zamani kulikuwa na tanuru tu. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha kipimo rasmi: chukua nguzo au boriti moja, iweke kwenye tanuru, pandisha joto kwa mpangilio maalum (karibu nyuzi 927 baada ya saa moja), uone itadumu muda gani. Ndiyo maana mpaka leo unasikia "nguzo hii ni ya saa mbili".

3/ Shida ni kwamba hakuna anayeishi ndani ya boriti moja. Jengo ni vipande vilivyoshikana. Kimoja kikilegea, jirani anaweza kukibeba. Ama kimoja kikitanuka, kinamsukuma jirani mpaka aanguke. Tanuru haioni hayo yote.

4/ Kabla hatujaendelea, tumalize ubishi mmoja wa mtandaoni: "moto wa ofisi hauwezi kuyeyusha chuma." Kweli, chuma huyeyuka karibu nyuzi 1500. Lakini kwa nyuzi 600 tu, chuma cha ujenzi kinabaki na takriban nusu ya nguvu zake. Si lazima kiyeyuke ndio kikuangushe.

5/ London, Juni 1990. Jengo la ghorofa 14 la Broadgate lilikuwa bado linajengwa. Moto ulianzia kwenye kibanda cha wajenzi ukawaka kwa saa nyingi, na sehemu ya vyuma haikuwa imefunikwa kinga. Kwa hesabu za tanuru ungetarajia maafa. Boriti zilipinda vibaya, lakini jengo halikuanguka. Mainjinia wakabaki wakijiuliza: tumekosea wapi?

6/ Jibu likatafutwa Cardington, Uingereza, katikati ya miaka ya 1990. Ndani ya banda kubwa la zamani la kuhifadhi ndege-puto, walijenga jengo zima la ghorofa 8, kisha wakalichoma kwa makusudi, sehemu kwa sehemu. Hewa ya moto ilipita nyuzi 1000. Jengo lilisimama.

7/ Siri ilikuwa sakafu. Boriti zilipolegea, sakafu ya zege yenye nondo ndani ilibonyea kama kitanda cha kamba na kubeba mzigo yenyewe. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, walichukua vipimo hivyo wakajenga modeli za kompyuta, wakalinganisha: je, kompyuta inapinda pale jengo la kweli lilipopinda? Shika hilo neno, KULINGANISHA. Tutalirudia.

8/ Mwaka 2000 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ikatoa programu iitwayo FDS, bure kwa yeyote. Inagawa chumba kuwa visanduku vidogo vingi na kukokotoa jinsi joto na moshi unavyosambaa. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili: joto linaingiaje kwenye chuma? Ya tatu: jengo linafanya nini? Ukikosea ya kwanza, kosa linasafiri nawe mpaka mwisho.

9/ Sasa mtihani mkubwa. Septemba 11, 2001, New York. Jengo la 7 la World Trade Center, ghorofa 47, halikugongwa na ndege. Vifusi vya mnara wa jirani viliwasha moto ndani yake, maji ya vinyunyizio vya ghorofa za chini yakakatika, na jioni saa kumi na moja na dakika ishirini likaanguka lote.

10/ NIST ilitoa ripoti ya mwisho Novemba 2008. Kulingana na uigaji wao, boriti za sakafu zilitanuka kwa joto, zikasukuma mhimili ukatoka kwenye kiti chake penye nguzo ya 79. Ghorofa ya 13 ikashuka, za chini zikafuata, nguzo ikakosa wa kuishikilia ikapinda, na nyingine zikafuata. Kumbuka Broadgate: kule kushikana kuliokoa, huku kushikana kuliangusha.

11/ Hapa ndipo siasa inaingia. Rasimu ilipotolewa Agosti 2008 ili umma uichambue, mwalimu wa fizikia wa shule ya upili alipima video akasema kuna kipindi jengo linaanguka bila kizuizi. Ripoti ya mwisho ikakubali: takriban sekunde 2.25. Mwananchi alirekebisha ripoti ya serikali, na hiyo ni sifa kwa pande zote mbili.

12/ Lakini watu walipoomba data zilizoingizwa kwenye modeli, mwaka 2009 sehemu ya data hizo ilikataliwa. Sababu iliyotolewa? Usalama wa umma. Wakenya, tunaujua huu wimbo. Tulishapiga kelele za "fungua sava" mwaka 2017.

13/ Mwaka 2020 utafiti wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, uliofadhiliwa na kikundi kilichokuwa kikipinga ripoti hiyo tangu zamani, ulisema moto haukuwa chanzo. Nao ulitumia kompyuta! Kompyuta mbili, majibu mawili. Mainjinia wengi bado wako na NIST, na mimi sioni sababu ya kuwakatalia. Ila mlango uliofungwa ndio unaolisha uvumi, hata kama ndani hakuna kilichofichwa.

14/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akikuletea uigaji, uwe wa jengo, wa soko ama wa stima, uliza matatu. Umeingiza nini? Umelinganishwa na moto wa kweli upi? Nani mwingine anaweza kuurudia? Na anayesema "imepikwa", naye muulize: ni namba gani iliyopikwa?

15/ La kwetu ni hili. Modeli huchoma jengo lililoko kwenye ramani. Kama ramani ina ghorofa 5 na mwenye ploti amejenga 8, kama mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli, kompyuta itakupa jibu safi kabisa la jengo ambalo halipo. Kabla ya kubishana kuhusu programu, tuma mtu akahesabu ghorofa.

Mwisho wa uzi. Ukiona kosa, nisahihishe hapa chini, na uje na namba.