Mvukuto na Koo

Katika Bara Hindi la kaskazini, kwa muda mrefu, mwimbaji hakuwa mtu mmoja bali wawili: mwenye koo na mwenye sarangi. Sarangi ni chombo cha nyuzi kipigwacho kwa uta. Nyuzi zake kuu tatu ni za utumbo, nazo hazikandamizwi kwa ncha za vidole bali kwa mizizi ya kucha. Chini yake zimelala nyuzi nyembamba za chuma, thelathini na zaidi, zisizoguswa ila huitikia zenyewe. Hakuna chombo kilichokaribia sauti ya binadamu kuliko hiki, wala kilichowatesa zaidi wanafunzi wake. Basi mwimbaji alimtegemea mpigaji. Akikosekana mpigaji, au wakigombana, wimbo ulilala. Tena wapigaji wengi wa sarangi ndio waliokuwa walimu wa waimbaji wanawake wa mabarazani. Enzi ya Mwingereza ilipowageuzia uso wanawake wale, dharau hiyo iliwaangukia na wapigaji wao.

Aliyemtoa mwimbaji katika utegemezi huo hakuwa mwanamuziki wa Kihindi. Mwaka 1842 fundi Alexandre Debain alisajili mjini Paris kinanda alichokiita hamoniamu, ambacho sauti yake hutoka katika ndimi za shaba zinapopitiwa na upepo. Upepo ule ulivukutwa kwa miguu, na mpigaji aliketi kitini. Kwa namna hiyo kiliingia India na kukaa makanisani na katika majumba ya wakubwa. Ndipo Dwarkanath Ghose wa Calcutta, aliyefungua duka la Dwarkin mwaka 1875, akatambulika kuwa ndiye aliyekikata miguu. Mvukuto ukahamishiwa nyuma, ukavukutwa kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukabakia kwenye vibao. Kikawa kisanduku cha kuwekwa sakafuni, mbele ya mtu aliyekaa juu ya mkeka kama walivyokaa waimbaji wa huko tangu zamani. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini lilibadili mengi.

Mwimbaji aliyezoezwa aliweza kujifunza kujipigia kwa muda mfupi, na sababu zake zastahili kuangaliwa. Mpigaji wa piano hulazimika kuifundisha mikono miwili kusema maneno mawili tofauti kwa wakati mmoja. Hapa mkono mmoja hupumua tu, nao wa pili hufuata sauti moja, ile ile iliyomo kooni. Pili, mwimbaji wa Kihindi hufundishwa tangu utotoni majina saba ya sauti, sa, re, ga, ma, pa, dha, ni, na sa haifungwi mahali pamoja: huwekwa panapolifaa koo la mwimbaji. Aliyekwisha kuimba majina hayo kwa miaka kumi anayo ramani yote kichwani. Kilichobaki ni vidole kuifuata. Hahitaji kusoma nota. Huchagua kibao kitakachokuwa sa yake, huacha sauti moja ivume chini kama msingi, kisha huanza kuimba polepole na kutafuta kwa kidole kile ambacho koo limekwisha kukisema. Baadaye mafundi waliunda hata hamoniamu ambazo safu yote ya vibao husogezwa kando, ili vidole vibaki mahali pake na sauti ipande au ishuke.

Faida kubwa zaidi ilikuwa katika ushairi. Beti ya ghazali ina mistari miwili, na mwimbaji huurudia ule wa kwanza mara tatu, mara nne, huku wasikilizaji wakingoja wa pili uje na kina chake. Anayeujua ukwapi na utao wa shairi la Kiswahili anaielewa hamu hiyo ya kungoja. Mwimbaji mwenye mpigaji wa kando hana budi kukubaliana naye juu ya urefu wa kungoja. Mwenye hamoniamu mapajani mwake hujiamulia mwenyewe: hunyamaza, vidole hujaza pengo, mvukuto hupungua, kisha neno hutua. Mehdi Hassan, aliyezaliwa Rajasthan mwaka 1927 na kuhamia Pakistan baada ya mgawanyiko wa 1947, ambako kwanza alifanya kazi ya ufundi wa baiskeli na magari, alifika kilele cha sanaa hiyo akiwa na hamoniamu mbele yake. Kabla yake Begum Akhtar (1914–1974) alijipigia vivyo hivyo. Baada ya kuolewa na wakili mwaka 1945 aliacha kuimba, akarejea mwaka 1949 kupitia kituo cha redio cha Lucknow.

Lakini redio hiyo ya Lucknow ilikuwa chini ya marufuku. Kuanzia mwaka 1940 All India Radio iliikataza hamoniamu hewani, na katazo hilo halikulegezwa hadi 1971, tena kwa masharti. Mwingereza John Foulds, aliyesimamia muziki wa Kizungu redioni Delhi, alikuwa ameishambulia kwa makala mwaka 1938. Rabindranath Tagore, ambaye hakuiruhusu katika ashramu yake, aliandika Januari 1940 akiomba iondolewe katika studio za Calcutta. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Hamoniamu ina sauti kumi na mbili tu katika kila ngazi, nazo zimekazwa. Haiwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti kama linavyoteleza koo. Ga ya raga Darbari, ambayo hutikisika taratibu kama taa ya chombo bandarini, kwenye vibao haipo kabisa. Hatari iliyohofiwa ni kwamba koo lingeanza kukitii kidole. Na kwa waimbaji wa kiwango cha kati ndivyo ilivyokuwa, haina haja ya kuficha. Wakubwa waliitumia kama fimbo ya kutembelea: waliiegemea walipochoka, wakaiacha nyuma palipohitaji kuruka.

Mvutano huo huo ulifika katika pwani ya Kiswahili kwa sura nyingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, muziki wa Unguja ulikuwa tayari umeegemea udi na fidla, vyombo visivyo na vizuizi shingoni, vinavyoweza kuzitoa zile robo-sauti za makamu ya bayati na rasti. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, aliimba huku akijipigia udi, na maisha yake yote yaonyesha gharama ya njia hiyo, kwa kuwa udi haujifunzwi kwa haraka. Mombasa ilikuwa na mlango wa pili. Filamu za Bombay zilipoteka masikio, nyimbo zake zikavishwa maneno ya Kiswahili. Mahadhi hayo hayakudai robo-sauti, hivyo hamoniamu na tabla zikapata kazi. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye aliyevuma kuliko wote katika mkondo huo, na walioupenda udi hawakuacha kuuita muziki wa kuazima. Lakini tungo zake zilikuwa na vina na mizani kamili kama tungo nyingine zozote za Mvita.

Mwaka 1980 kampuni ya Casio ilitoa kinanda chake cha kwanza cha umeme, na katika miaka iliyofuata vinanda vya aina hiyo vikaingia kumbi za harusi za pwani. Kupandisha sauti kukawa kazi ya kitufe. Baadaye vikaja hata vile vinavyotoa robo-sauti, kwa ajili ya soko la Waarabu. Kitu kimoja havikuhitaji, nacho ni upepo: sauti haififii mwimbaji anapoishiwa pumzi. Mkono wa kushoto ukabaki bila kazi, na aghalabu ukapewa ile ya kuongoza ngoma na besi.