Bwami: Vinyago, Methali na Marufuku ya 1948

Tarehe 8 Juni 2022, katika Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliikabidhi Kongo kinyago kimoja kikubwa, kakuungu, cha Wasuku wa Kwango. Majirani zao Wayaka nao wanakijua kakuungu. Kina mashavu yaliyovimba na sura ya kutisha, na mganga wa jando alikitoa hadharani ili kuwakinga wavulana wa kambi ya tohara na kumtia hofu kila aliyewatakia mabaya. Kwa Wayaka, vijana walipohitimu walitoka kucheza mbele ya watu wakiwa na vinyago vyepesi vya rangi, vyenye pua iliyopinda kwenda juu na mpini wa kushikia chini ya kidevu. Kakuungu hakikurudishwa moja kwa moja. Kilitolewa kwa mkopo usio na kikomo.

Siku nne baadaye mfalme alikuwa Bukavu, akiitembelea hospitali ya Panzi, inayowatibu wanawake waliobakwa. Ilifaa aje, kwa mateso yaliyowapata wanawake wa mkoa huu. Lakini Kivu nayo ina vinyago vyake huko Ulaya na Marekani, na habari zake ni tofauti kabisa na zile za Kwango.

Ukiiacha Bukavu ukaelekea magharibi, ukapita Mwenga na Kamituga hadi misitu ya Shabunda, na mbele zaidi Pangi upande wa Maniema, uko Bulega, nchi ya Walega. Kwa Washi, wenyeji wa Bukavu, mwami ni mtawala na huzaliwa katika ukoo wa kifalme. Walega hawakuwa na mfalme. Walikuwa na Bwami, chama ambacho mtu alikipanda daraja kwa daraja maisha yake yote, na kila aliyeingia aliitwa mwami. Jando, bwali, lilikuwa mlango tu. Baada yake mwanamume alianza na kongabulumbu, na waliojaliwa walifika yananio, kisha kindi, ambao ni upeo. Kila hatua ilidai mali nyingi, ndugu wa kumchangia, na mwenendo ambao wenzake wangeukubali. Mgomvi au mchoyo hakufika mbali. Wala mtu hakufika kindi peke yake: ilimpasa awe na mke aliyepanda naye hadi bunyamwa, daraja la juu la wanawake.

Mwenye yananio alimiliki lukwakongo, kinyago kidogo cha mti kilichopakwa udongo mweupe, chenye ndevu ndefu za nyuzi. Mwenye kindi alikuwa na lukungu, cha pembe ya ndovu. Idimu, kilicho kikubwa zaidi, hakikuwa mali ya mtu mmoja. Mzee mmoja alikitunza kwa niaba ya kundi zima. Vinyago hivi havikutengenezwa ili kumficha mchezaji uso, na kwa kawaida havikuvaliwa usoni. Vilifungwa mkononi, vikawekwa kwenye paji la uso au chini ya kidevu, vikakokotwa chini kwa ndevu zake, vikarundikwa pamoja, au vikatundikwa kwenye uzio huku idimu kikiwa katikati. Kila tendo lilikwenda na wimbo na methali yake. Kinyago kilekile kingeweza leo kumsema marehemu anayekumbukwa, na kesho kumsema mzee aliyejiaibisha.

Ndiyo maana naviita vitabu, na kuvisoma kulitaka mwalimu, ngoma na mwili unaocheza. Sanamu yenye nyuso nyingi, sakimatwematwe, ilimfundisha anayepanda daraja kwamba mwenye hekima hutazama pande zote kabla ya kuamua. Hata kakakuona alikuwa somo: Walega husema magamba yake yaliyopangana ndiyo yaliyowafundisha watu kuezeka nyumba. Pembe ya ndovu ilipakwa mafuta na kushikwa vizazi kwa vizazi hadi ikang'aa rangi ya asali, na mwenyewe akifa ilipita kwa mrithi wake wa daraja.

Na hapa historia inauma. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili ilifika Maniema, ikitafuta pembe na watumwa. Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kilikuja kwa njia hiyohiyo. Wafanyabiashara waliipima pembe kwa uzito ili waipeleke pwani. Wazee wa Bwami waliipima kwa maneno iliyoyabeba. Kisha wakaja Wabelgiji. Mwaka 1909 afisa wao Charles Delhaise alichapisha kitabu juu ya Warega, kama alivyowaita. Utawala ulitaka machifu wachache wa kuamrisha kodi na kazi, na mgodi wa dhahabu wa Kamituga ulitaka mikono. Bwami haikuwa na mtu mmoja wa kumwamrisha. Mwaka 1948 ikapigwa marufuku.

Marufuku hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa soko. Mzee aliyeogopa kukutwa na vitu vyake alivificha au kuviuza. Hata hivyo wazee hawakunyamaza. Kati ya 1952 na 1954 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, wa taasisi ya utafiti IRSAC ambayo makao yake yalikuwa Lwiro, karibu na Bukavu, alikaa nao, akahudhuria sherehe zao na kuandika methali kwa mamia. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1973, kwa Kiingereza. Bila wazee waliokubali kumfundisha chama chao kikiwa kimeharamishwa, sehemu kubwa ya elimu hiyo isingeandikwa, na heshima ya kazi ile ni yao kabla ya kuwa yake. Mwaka 2001 makumbusho ya Fowler huko Los Angeles yalifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Walega. Katika maonyesho kama hayo lukungu husifiwa kwa mikunjo yake myepesi na mng'ao wake. Sifa hizo ni za kweli, ila kinyago kilichotundikwa peke yake kwenye kabati la kioo kimenyang'anywa wimbo wake.

Februari 2022 Ubelgiji iliipa serikali yetu orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyoko katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji. Orodha ya namna hiyo inaweza kutaja mti, pembe, urefu na mwaka. Haiwezi kutaja methali. Methali wanazo wazee wa Shabunda, Pangi na Mwenga, waliopitia vita vya 1996 na 1998, na ambao wajukuu wao sasa wako kwenye mashimo ya dhahabu. Serikali ikiketi na Brussels kuzungumzia vinyago vya Bulega, wazee hao wa kindi, na wake zao wa bunyamwa, waitwe mezani kwanza, kabla ya wanasheria na kabla ya wataalamu wa makumbusho.