Jinsi Wauguzi wa Uingereza Walivyojifunza Kujihoji

Katika majira ya baridi ya mwaka 1854 kuingia 1855, hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, ng'ambo ya bahari kutoka mji wa Istanbul, ilikuwa mahali pa kufia. Florence Nightingale alifika Novemba 1854 na wauguzi 38. Walifua mashuka, wakapika uji, wakafunga vidonda. Vifo vikazidi kupanda. Kufikia Februari, takriban askari 42 kati ya kila 100 waliolazwa walikuwa wakifariki. Machi ikaja tume ya usafi kutoka London, ikazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, ikasafisha maji ya kunywa na kuingiza hewa wodini. Baada ya miezi michache vifo vilishuka hadi kama wawili kwa kila 100.

Nightingale alirejea kwao mwaka 1856 akiwa shujaa wa taifa zima. Angeweza kupokea sifa na kunyamaza. Badala yake aliketi na mwanatakwimu William Farr, wakafungua rejista za vifo na kuuliza ni nini hasa kilichowaua askari wale. Jibu lilikuwa chungu: majeraha ya vita yaliua wachache, ila wengi waliuawa na maradhi ya kuambukiza ambayo usafi ungeyazuia. Mwaka 1858 aliziweka hesabu hizo katika michoro ya rangi ili wakubwa serikalini wasipate pa kujificha. Watu wanamkumbuka kwa taa aliyobeba usiku. Kwangu mimi, kazi ile ya kurudi kwenye rejista, akiwa tayari ameshasifiwa, ndiyo inayostahili kukumbukwa zaidi, kwa sababu alikubali kuupima uuguzi wake kwa kipimo kilichokuwa nje ya nafsi yake.

Lakini ile ilikuwa tabia ya mtu mmoja. Shule ya uuguzi iliyofunguliwa kwa jina lake mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas' jijini London ilisisitiza nidhamu na mwenendo mwema, na muuguzi mwanafunzi alipimwa na wakubwa wake. Ethel Gordon Fenwick, aliyekuwa metroni wa hospitali ya St Bartholomew's, alitaka jambo jingine: mtihani mmoja na daftari moja la taifa, ili mgonjwa ajue kwamba anayemhudumia amesomea kazi hiyo. Alianzisha chama cha wauguzi mwaka 1887 kwa lengo hilo. Nightingale alimpinga, akisema mtihani hauwezi kupima utu wa muuguzi. Mvutano ulidumu zaidi ya miaka 30, hadi sheria ya usajili ilipopitishwa Desemba 1919. Daftari lilipofunguliwa, jina la Fenwick liliandikwa la kwanza. Naamini Fenwick alikuwa na haki kuhusu daftari. Hata hivyo swali la Nightingale lilibaki pale pale: muuguzi akishasajiliwa, nani atajua anavyofanya kazi miaka 20 baadaye?

Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies alichapisha utafiti alioufanya katika hospitali kubwa ya kufundishia jijini London. Hospitali ilimwita kwa sababu ya matatizo ya kupanga wanafunzi zamu, na takriban theluthi moja yao walikuwa wakiacha masomo. Alichokikuta kilikwenda mbali zaidi ya ratiba. Kazi ilikatwa vipande vidogo vidogo: huyu apime joto wodi nzima, yule agawe vyombo vya haja, mwingine atandike. Hakuna aliyekaa na mgonjwa mmoja muda wa kutosha kumjua. Wagonjwa walitajwa kwa namba ya kitanda au kwa kiungo kinachougua. Wengine waliamshwa usingizini ili wameze dawa ya usingizi, kwa kuwa ratiba ilisema hivyo. Menzies alieleza kwamba utaratibu huo uliwakinga wauguzi na hofu. Kukaa karibu na maumivu, uchafu na kifo kila siku kunatisha, na hospitali ilichagua kuizuia hofu hiyo kwa amri kuliko kuizungumzia. Muuguzi aliyelia alikanywa ajikaze. Aliyeuliza kwa nini alionekana msumbufu. Utafiti ule haukupokelewa vizuri, lakini hadi leo ni vigumu kuusoma bila kuzikumbuka wodi tunazozijua.

Miongo miwili baadaye mambo mawili yalikutana. Mwaka 1983 baraza jipya la wauguzi na wakunga, lililofahamika kwa kifupi kama UKCC, lilitoa kanuni za maadili zilizomfanya kila muuguzi awajibike binafsi kwa matendo yake. Utetezi wa kwamba daktari aliamuru, au sista wa wodi alisema, haukutosha tena. Mwaka huo huo nchini Marekani, Donald Schön alichapisha kitabu chake kuhusu namna wataalamu wanavyofikiri kazini. Alionyesha kwamba fundi hodari hujirekebisha akiwa katikati ya kazi, kisha huirudia baadaye kuichambua. Wauguzi hawakuwa kiini cha kitabu chake, lakini walikishika kwa mikono miwili. Mwaka 1988 mwalimu Graham Gibbs wa Oxford akatoa mzunguko wa hatua sita: eleza kilichotokea, ulivyojisikia, kipi kilikwenda vizuri au vibaya, kwa nini, ungeweza kufanya nini kingine, na utafanya nini likitokea tena. Vyuo vya uuguzi vikauchukua, na bado upo.

Kuanzia mwaka 1995 wauguzi wa Uingereza walitakiwa kuthibitisha kila miaka mitatu kwamba wamejisomea siku tano na kutunza jalada la mafunzo yao. Wengi walifanya kwa moyo. Wengine walijaza karatasi ili jalada lipate unene.

Kisha ikaja Stafford. Katika hospitali ya mji huo, kati ya mwaka 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu kwa saa nyingi, maji yaliwekwa mbali na mikono yao, na kengele zao hazikuitikiwa. Uongozi ulikuwa umepunguza wafanyakazi ukihangaikia fedha na hadhi ya taasisi. Julie Bailey, ambaye mama yake alifia humo mwaka 2007, aliwakusanya wafiwa wengine na kudai uchunguzi. Ndani ya hospitali, muuguzi wa idara ya dharura Helene Donnelly aliandika ripoti nyingi za kuonya, naye akatishwa na wenzake. Ripoti ya wakili Robert Francis ilitoka Februari 2013 na mapendekezo 290. Wauguzi wote wa Stafford walikuwa na kanuni za maadili, na majina yao yalikuwa kwenye daftari. Kilichokosekana ni pale kanuni inapokutana na tendo la leo, na pia mtu wa kusikiliza inapoonekana kwamba havilingani.

Baraza la sasa, NMC, lilianza kutumia Machi 2015 kanuni mpya zenye nguzo nne: kumtanguliza mgonjwa, kufanya kazi kwa ujuzi, kulinda usalama, na kutunza heshima na imani ya taaluma. Aprili 2016 likaongeza sharti. Kila baada ya miaka mitatu muuguzi anaonyesha saa 450 za kazi na saa 35 za mafunzo, anakusanya maoni matano kuhusu utendaji wake, na anaandika tafakuri tano. Kila tafakuri lazima iguse kanuni, isimtaje mgonjwa kwa namna ya kumtambulisha, na ijadiliwe na mtu mwingine aliyesajiliwa na NMC.

Tuseme muuguzi alichelewa kumpa mzee dawa ya maumivu kwa sababu zamu ilikuwa na watu wawili tu. Akiandika hisia zake peke yake, ataandika kwamba alichoka na kusikitika, na hapo ataishia. Akiiweka kanuni kando ya tukio, maswali yanaongezeka. Je, alimweleza mzee kwa nini anasubiri? Je, aliandika kwenye faili saa halisi ya kutoa dawa? Je, alimjulisha msimamizi kwamba idadi ya wauguzi inahatarisha wagonjwa, kama kanuni inavyomtaka? Swali hilo la tatu linaitoa lawama mabegani mwake peke yake na kuipeleka pia mezani kwa wanaopanga zamu.

Hofu ya kuandika ukweli nayo ina historia yake. Mwaka 2015 daktari mmoja na muuguzi mmoja walitiwa hatiani baada ya kifo cha mtoto hospitalini Leicester mwaka 2011, na mwaka 2018 zikaenea habari kwamba maandishi ya kujitafakari ya daktari yalitumika dhidi yake mahakamani. Jopo la mahakama halikuonyeshwa maandishi hayo, lakini wengi waliacha kuandika ukweli. Juni 2019 wakuu wa mabaraza tisa ya afya, NMC likiwamo, walitoa tamko la pamoja kwamba mabaraza hayatadai maandishi ya tafakuri yanapochunguza malalamiko.

Wauguzi wengi kutoka Afrika Mashariki wanaishi chini ya utaratibu huu leo, hasa tangu Kenya ilipotia saini makubaliano ya ajira na Uingereza mwaka 2021. Huku nyumbani, Kenya na Tanzania zina mabaraza yao na masharti ya mafunzo endelevu ya kuhuisha leseni. Iwapo mabaraza hayo yataongeza tafakuri za maandishi, nayaomba yaanze na ahadi iliyo wazi kwamba muuguzi anayeandika ukweli kuhusu kosa lake hataandikiwa barua ya onyo kwa maandishi hayo. Fomu zije baadaye.