Uyoga wa Miombo ya Lufira

Kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijauziba mto Lufira wa Katanga hapo Mwadingusha na kuwasha mitambo ya umeme mwaka 1930, misitu ya miombo ya nchi ile ilikuwa na elimu yake, iliyohifadhiwa aghalabu na akina mama, ambao mvua za Novemba zikishuka huutambua uyoga kwa rangi, harufu na mti unaoota chini yake. Maulamaa wa Magharibi walikawia: Linnaeus, mwaka 1753, aliuhesabu miongoni mwa mimea, na Whittaker ndiye aliyeutengea himaya yake mwaka 1969, kwa hoja kwamba haujipikii chakula kwa nuru ya jua, bali hufyonza ulichokiyeyusha nje ya mwili wake.

Ajabu kubwa, kwa rai yangu, ni uyoga wa vichuguu, ambao mtaalamu wa uyoga Roger Heim aliuita Termitomyces mwaka 1942. Mchwa hutafuna majani makavu, huyarundika chini ya ardhi, uyoga huyaozesha, nao mchwa hula. Kisha mvua zikinyesha, kofia ya uyoga hupasua udongo, na shina refu hushuka hadi kwenye rundo lile. Ule wa manjano, Cantharellus, huipa mizizi ya miombo maji na madini, nayo huulipa sukari. Basi miti ikikatwa kwa makaa, nao hutoweka, maana hauishi bila mizizi hai.