Mutuba na Kayukiyuki: Nyua Mbili za Nyumba Zetu



Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ua. Wingi wake ukiwa maua, ni lile la kunusa. Wingi wake ukiwa nyua, ni uwanja wa nyumba au kizuizi kinachouzunguka. Wazazi wa Katwe wanaouliza wapande nini pembeni mwa nyumba huwa wanataka vyote kwa pamoja: cha kuzuia mbuzi na wapita njia, na cha kupendeza macho. Wazee huwajibu: mutuba. Vijana huwajibu: kayukiyuki, yaani ile lantana yenye vishada vya njano na vyekundu, kwa kuwa inaota upesi na haigharimu kitu. Tumeona ni bora familia zijue kila mmoja wa mimea hii ulitoka wapi na ulifanya nini katika nchi hii, kisha ndipo zichague.

Tuanze na mutuba, kwa sababu ndio mwenyeji. Ni mti wa jamii moja na mkuyu na mtini. Wataalamu huuita Ficus natalensis. Wageni walioifikia Buganda katika karne ya 19, kuanzia Speke mwaka 1862, waliandika kwa mshangao juu ya nyua za matete zilizouzunguka mji wa Kabaka, ua ndani ya ua. Ua wa namna hiyo Waganda huuita ekisaakate, na katika ekisaakate cha mkubwa ndipo watoto walipopelekwa kufunzwa adabu na kazi. (Ndilo jina ambalo Nnabagereka Sylvia Nagginda aliipa kambi ya watoto ya wakati wa likizo, iliyoanza mwaka 2007.) Lakini matete huoza na mchwa huyala. Mutuba hauozi, kwa kuwa uko hai. Mtu hukata tawi, hulichomeka ardhini wakati wa mvua, nalo hutoa mizizi. Akichomeka mengi kwa mstari amepata nguzo za ua zinazonenepa kila mwaka badala ya kuliwa.

Na nguzo hizo zilivaliwa. Wakati wa mvua, gome likiwa na maji, fundi hulichuna shinani kuanzia chini hadi karibu na matawi, kisha hulifunga shina lililobaki tupu kwa majani ya mgomba lisikauke. Gome jipya huota, na mti ule ule huchunwa tena msimu mwingine, hivyo hivyo kwa miaka mingi. Gome lililochunwa hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka lipanuke na kulainika, halafu huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Nguo hiyo ni olubugo, wingi wake embugo. Ukoo wa Ngonge, yaani wa fisimaji, ndio wenye kazi hii kwa urithi, na mkuu wake ni Kaboggoza. Mwaka 2005 Unesco iliitangaza kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu. Basi fikirini, ndugu wasomaji: ua wa nyumba ulikuwa ndio kabati la nguo, blanketi la usiku na vazi la mwisho la maiti.

Mti uliofanya yote hayo haukosi kuingia katika nasaba. Mtoto wa Kiganda akifundishwa ngazi za ukoo wake husoma akasolya, essiga, omutuba, olunyiriri, oluggya, enju. Ya tatu ni mti huu. Ya tano, oluggya, ni uwanja wa nyumba.

Hapa historia ya mti inakutana na historia yetu sisi Waislamu wa Uganda. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmad bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna II, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuusema Uislamu mbele ya Kabaka. Misafara iliyofuata, kutoka Unguja kupitia Tabora, ilileta shanga, bunduki na nguo za pamba: merikani na kaniki. Kanzu ikaingia kasri, na leo mwanamume wa Kiganda, awe Mwislamu au Mkristo, huivaa harusini pengine bila kukumbuka ilikuja na misafara hiyo. Embugo zikashuka thamani. Hazikufa, kwani Kabaka Mutebi II alivishwa embugo alipotawazwa Naggalabi tarehe 31 Julai 1993, na Waganda wengi wasio Waislamu bado huwazika maiti wao ndani yake. Sisi sanda yetu ni pamba nyeupe, na katika koo zenye dini mbili jambo hilo lahitaji mazungumzo ya upole, tena kabla ya siku ya msiba. Nguo basi ikaondoka miilini, ila mti ulibaki mpakani na kuwapa kivuli migomba na mibuni.

Ama kayukiyuki, hadithi yake ni nyingine kabisa. Asili yake ni Amerika ya joto. Katika karne ya 17 ilipelekwa Ulaya, ikatunzwa katika vibanda vya vioo, watunza bustani wakachanganya aina kwa aina mpaka zikatoka rangi nyingi, na kutoka huko ikasambazwa makoloni kama pambo na uzio. Kwamba inapendeza, hatubishi. Kishada kimoja huwa na rangi mbili au tatu kwa sababu kila kijiua hubadilika kinapozeeka. Vipepeo huifuata. Haidai mbolea, na vijiiba vya shina lake humkwaruza mbuzi na mwizi sawasawa.

Shida huanzia kwa ndege. Hula vitunda vyake vyeusi na kuzidondosha mbegu shambani kwa jirani, na huko hakuna aliyeipanda wala wa kuikata. Leo imo katika orodha inayojulikana ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Uganda iliujua ubaya huo kwa damu. Ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa ufukweni. Kisha mwaka 1976 ugonjwa ukarudi Busoga. Wakati huo uchumi ulikuwa umeporomoka chini ya Idi Amin: wafanyabiashara wenye asili ya Asia walifukuzwa mwaka 1972, masoko ya pamba na kahawa yakavurugika, na mkulima hakuona faida ya kupalilia. Mashamba yakaachwa, lantana ikayameza. Mbung'o wa eneo hilo kwa kawaida hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji, kwani hutaka kivuli na unyevu. Lantana na mibuni iliyotelekezwa vilimpa vyote viwili hadi mlangoni mwa nyumba za watu. Watafiti waliwakuta wakipumzika humo humo vichakani. Ng'ombe akabeba vimelea bila kuonekana mgonjwa, mtoto akaumwa akienda kisimani, na kufikia mwaka 1980 wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu. Kufyeka vichaka na kutega mitego ya mbung'o vikawa sehemu ya dawa. Si haki kuulaumu mmea peke yake, maana uliachiwa mashamba. Lakini mutuba uliotelekezwa huzidi tu kuwa mti.

Mtasema: Katwe hakuna mbung'o wala mashamba ya kahawa. Kweli. Katwe yetu, jirani na Lubiri ya Mengo, ni ya mafundi wa chuma, na ua wa siku hizi ni bati, tofali na geti lililochomelewa papa hapa. Hata hivyo penye ukingo wa udongo kayukiyuki bado ipo, na hapo tuna mambo mawili ya kuwaonya wazazi. La kwanza ni mifugo. Siku chache kabla ya Idd al-Adh-ha mbuzi na kondoo hufungwa popote penye nafasi. Majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini; mnyama aliyeila huacha kula, macho huwa ya njano, na ngozi isiyo na manyoya mengi huungua kwa jua. Mnyama mwenye malisho ya kutosha huikwepa. Aliyefungwa kwa njaa karibu nayo huila. Na mnyama aliye wazi kuwa mgonjwa hafai kuchinjwa udhhiya, achilia mbali hasara ya pesa. La pili ni watoto, ambao huchuma vitunda vyake kama peremende. Vile vibichi vya kijani ndivyo vya kuogopwa zaidi.

Mutuba nao una aibu zake, na wazee hawazitaji. Ni mti mkubwa. Katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 mizizi yake itaingia ukutani na mtaroni, na Katwe, ambako maji ya mvua tayari hayana pa kupita, hatuna mitaro ya kugawia mizizi. Ndugu zetu wa Nairobi watatuambia tupande kayaba, yenye miiba mirefu na matunda ya kuliwa. Ni ua mzuri, ila miiba ile katika uchochoro wanaopita watoto wa madrasa hatuipendi.

Rai yetu ni hii: nyumba iliyobanana ibaki na ukuta wake, na kayukiyuki ing'olewe. Mwenye shamba kijijini, au msikiti na shule zenye uwanja mpana, wapande mituba mpakani, mbali na majengo. Tawi liwe nene kama mkono wa mtu mzima na refu kumpita mbuzi aliyesimama, lichomekwe mvua za Machi au Septemba zinapoanza. Kayukiyuki ikatwe kabla vitunda havijaiva, na kisiki kichimbuliwe pamoja na mizizi, kwani kikiachwa huchipua upya. Vaeni glavu. Matawi yakauke kabisa mbali na mifugo, kisha yachomwe.