Kocha Aliyejiandikia Ripoti za Mechi

Jina la chuo lilikuwa refu hadi kulishangilia ilikuwa shida: Louisiana Negro Normal and Industrial Institute. Hebu jaribu kuliimba timu yako ikiwa imebanwa langoni. Ukifika mwisho, wapinzani wameshafunga na wanasherehekea.

Hapo ndipo Eddie Robinson alipoanza kazi mwaka 1941, akiwa na miaka 22. Babake alikuwa mkulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, mamake mfanyakazi wa nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kinu cha chakula cha mifugo kule Baton Rouge, senti 25 kwa saa. Chuo kilimpa dola 63.75 kwa mwezi afundishe futiboli, ile yao ya Wamarekani, ya helmeti na kugongana.

Kufundisha sasa ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Msimu ule wa kwanza hakuwa na msaidizi wa kulipwa. Nyasi alikata mwenyewe, mistari ya uwanja akachora mwenyewe. Timu ikisafiri alitengeneza sandwichi za njiani, kwa sababu mikahawa ya wazungu huko Kusini haingewauzia vijana weusi hata chai. Na mechi ikiisha, wachezaji wakienda kulala, alikaa chini akaandika ripoti yake apelekee magazeti.

Hiyo kazi ya mwisho ndiyo imenifanya nimfuatilie. Kukata nyasi naelewa, bila hivyo hakuna mechi. Lakini ripoti? Msimu wenyewe alishinda mechi 3 tu na kupoteza 5. Nani huandika kuhusu kupigwa kwake, tena usiku, amechoka, bila malipo ya ziada?

Nadhani alijua kwamba wahariri wazungu hawangetuma mwandishi wao. Mwaka uliofuata, 1942, timu yake ilishinda mechi zote 9 na hakuna mpinzani aliyeifunga hata pointi moja. Hata moja! Kisha vita vikawachukua vijana, na 1943 na 1944 hakukuwa na timu kabisa. Msimu kama huo ungeweza kupotea hivi hivi, ukabaki hadithi ya wazee wawili watatu ambayo hakuna anayeiamini.

Mwaka 1946 chuo kikafupisha jina, kikawa Grambling. Miaka miwili baadaye kalamu ikapata mwenyewe: Collie Nicholson, aliyekuwa mwandishi wa habari za vita katika kikosi cha Marines. Huyu alisambaza habari za kachuo hako ka mashambani kwa magazeti ya watu weusi kote nchini. 1949, Paul Younger, waliyemwita Tank, akasajiliwa na Los Angeles Rams bila hata kuchaguliwa kwenye drafti, wa kwanza kutoka chuo cha weusi kucheza NFL. Robinson alimwambia akishindwa huko, huenda hao watu wasirudi kutafuta mwingine. Manze, huo ni mzigo wa kumbebesha kijana. Younger hakushindwa, na nyuma yake wakafuata zaidi ya 200 kwenye ligi za kulipwa.

Oktoba 1985 Robinson alifikisha ushindi wa 324, akampita Bear Bryant wa Alabama. Safari hii wanahabari walijileta wenyewe.

Mwisho haukuwa mtamu. Misimu yake mitatu ya mwisho ilikuwa mibaya, na kuna waliotaka aondoke mapema. Mwaka 1997 alishinda mechi 3, sawa na alivyoanza, akastaafu na jumla ya 408.

Baadaye Alzheimer ikaanza kumla kumbukumbu. Alifariki Aprili 2007, akiwa na miaka 88. Mtu akitaka kujua ya 1942 leo, anafungua rekodi: 9 kwa 0, pointi walizofungwa, sufuri.